Nani kaonekana na nani: wiki moja kwenye maji ya Tanga

Ijumaa, kufika

Nimeteremka Kange saa kumi jioni na mfuko wa machungwa ambao sikuupanga. Ukipita Muheza na dirisha wazi, machungwa yanaingia ndani ya basi kabla hujauliza bei. Mwenzangu wa kazi alishatangulia tangu jana. Yeye ni mtu wa Kigoma, kakulia ziwani, na bahari anaidharau kidogo. Anasema ina chumvi bila sababu.

Magharibi tukashuka Deep Sea, wanakoshushia samaki, kuonana na nahodha. Mwenzangu akapaita mwaloni, kama kwao, akasahihishwa na mtoto wa miaka minane aliyekuwa anapara samaki: hapa ni diko. Nahodha tulimkuta kakaa juu ya kidumu, anakunywa kahawa. Mzee wa miaka sitini na kitu, ujana wake wote kavua kwa jarife, wavu mkubwa wa papa, sasa anapeleka watu visiwani kwa boti ya faiba.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo nyinyi mnaohesabu pomboo?"

Nikamwambia kuhesabu ni sehemu ndogo. Tunataka kujua wanavyoishi: nani anatembea na nani, nani kaachana na nani, mtoto yule ni wa mama yupi, madume gani hawabanduki. Nikaeleza na fomu zetu, na kamera, na chombo cha kusikilizia chini ya maji. Akaniacha nimalize.

"Kumbe umbea," akasema, akamwaga machicha ya kahawa.

Nina shahada moja na nusu ya pili kwenye fani hii, na sijasikia mtu akiifasiri vizuri zaidi.

Jumamosi, Ulenge

Tumeng'oa nanga saa kumi na mbili na nusu. Ni bamvua, siku za maji makubwa, maji yanatoka kwa kasi, na nahodha anataka tuwe nje ya ghuba kabla mafungu ya mchanga hayajaanza kuonekana. Tumekipita kisiwa cha Toten upande wa kushoto, kimelala na magofu yake. Upepo mdogo. Kusi limechoka, hii ni demani, asubuhi bahari inalala kama mkeka na ikifika saa tano inaamka.

Saa moja na dakika hamsini, si mbali na mnara wa taa wa Ulenge, baharia, ambaye ni mjukuu wa nahodha, akanyoosha mkono bila kusema kitu. Migongo minne, mitano. Walikuwa wale wenye nundu, Sousa plumbea kwa jina la vitabuni: pezi la mgongoni ni dogo na limeketi juu ya kilima cha nyama, kama kofia juu ya mto. Hawa ni watu wa maji mafupi. Wanazunguka kando ya miamba na midomo ya mito, mara chache utawakuta mbali na pwani, na ndiyo sababu wana shida: pale wanapokaa wao ndipo penye nyavu zote, boti zote na taka zote. Tangu 2017 wamo kwenye orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Mashine ikashushwa hadi kunong'ona. Tunakwenda nao sambamba, hatuwakati mbele, hatuwafuati kwa nyuma. Kila dakika tano mwenzangu anajaza fomu: wako wangapi, watoto wangapi, wanafanya nini (wanasafiri, wanakula, wanapumzika, wanachezeana), na wapo umbali gani mmoja na mwingine. Mimi napiga picha mapezi. Pezi la pomboo ndiyo kitambulisho chake. Linachanika, linang'atwa na wenzake, linakatwa na kamba, na ukingo wa nyuma ukishapata pengo pengo hilo halizibi. Ukiwa na picha za kutosha unajua huyu ni yule wa mwaka juzi. Huko Sarasota, Florida, watu wameifanya kazi hii tangu 1970, na wanawajua pomboo wao hadi wajukuu.

Tatizo la kwanza kwenye elimu hii ni kujua kundi ni nini. Ukiona watano, sita, na mmoja kajitenga, huyo mmoja yumo? Kanuni tunayoifuata ni ya mnyororo: aliye ndani ya mita 10 kutoka kwa mwenzake yeyote ni wa kundi, na mwenzake huyo akiwa ndani ya mita 10 kutoka kwa mwingine, basi wote ni wamoja. Nilimweleza nahodha. Akafikiri.

"Na aliye mita kumi na mbili?"

"Huyo si wa kundi."

"Mgeni?"

"Kwa fomu yetu, ndiyo."

"Nyumbani kwangu," akasema, "mke wangu akienda jikoni zinapita mita kumi na mbili."

Baharia alicheka hadi akaachia kasia. Nimeiandika pembeni mwa daftari kwa sababu ni swali halali kabisa. Watafiti wenyewe hubishana juu yake, maana pomboo wanaweza kusikiana mbali kuliko macho yetu yanavyofika, na huenda yule unayemwona kajitenga yuko katikati ya mazungumzo.

Mmoja wa wale watano ana pezi lililomegwa juu kabisa, kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Kwenye orodha yetu ni namba tu. Baharia amemwita Pengo.

Jumapili, Yambe

Mahamri na mbaazi gizani, halafu kusini. Mwenzangu ametapika kabla hatujafika usawa wa kisiwa cha Yambe, kwa heshima, upande wa chini ya upepo kama alivyofundishwa. Ziwa lake halikumwandaa.

Leo tumepata wale wengine, Tursiops aduncus, wa kijivu, wenye mdomo mfupi na pezi refu lililojikunja kama jambia. Kumi na wawili kwa hesabu yangu, kumi na mmoja kwa ya mwenzangu, "wanatosha" kwa nahodha. Hawa ni ndugu wa wale wanaofuatwa na watalii kule Kizimkazi, Unguja. Watu wanasahau kwamba hapo Kizimkazi, kabla ya watalii, pomboo walikuwa wakiwindwa, nyama yake ikawa chambo cha papa, na uwindaji huo ulikoma miaka ya 1990.

Nitakaa kwenye jambo moja tu la leo, maana ndilo lililonitoa Dar.

Palikuwa na mama na kitoto. Kitoto kichanga hasa: ubavuni kilikuwa na mistari myeupe iliyokaa wima, kama nguo iliyokunjwa muda mrefu sandukuni ikatolewa leo. Ndivyo ilivyo kweli, ni alama za kukunjwa tumboni, na hufutika baada ya miezi kadhaa. Mimba ya pomboo ni kama mwaka mzima, na kitoto hunyonya miaka mitatu, pengine zaidi. Kikiwa kinasafiri kinakaa ubavuni mwa mama, nyuma kidogo ya kati, mahali ambapo maji anayoyasukuma mama yanakibeba, kikitikisa mkia kidogo tu. Kikichoka au kikitaka kunyonya kinahamia chini ya tumbo. Nilipiga picha sitini za hicho kitu kimoja: ubavuni, tumboni, ubavuni.

Ghafla majike wawili wakasogea, wakakiweka katikati. Mama akazama. Kwa dakika nne kitoto kilikuwa na watu wasio mama yake, kisha mama akarudi kutoka chini na kila mmoja akashika njia yake, na yale majike mawili yakaenda kujiunga na wengine kabisa. Ndani ya nusu saa, kundi la kumi na wawili lilikuwa makundi matatu, kisha mawili, na si yale ya mwanzo. Ndiyo maisha yao. Hakuna kundi la kudumu kama la ng'ombe. Wanakutana, wanaachana, wanakutana tena, kama watu wa Barabara ya Kumi na Mbili jioni, na sura ya jamii unaipata tu ukirekodi mara mia moja nani alikuwa na nani. Ukigawanya mara walizoonekana pamoja kwa mara walizoonekana kwa jumla, unapata tarakimu kati ya sifuri na moja. Sifuri, hawajuani. Moja, hawaachani.

Wanaokaribia moja mara nyingi ni mama na mtoto, au madume. Hili la madume ndilo linalowashangaza wasikilizaji wangu wote. Shark Bay, magharibi mwa Australia, Richard Connor na wenzake wameona tangu miaka ya 1980 kwamba madume wawili au watatu hushikana miaka kwa miaka na kumzingira jike pamoja. Tena timu hizo huwa na timu rafiki, za kuja kusaidia ikitokea timu ya tatu inataka kumnyang'anya. Yaani yupo rafiki, na yupo rafiki wa kuitwa siku ya ugomvi. Nje ya binadamu ni nadra mno kuona siasa ya namna hiyo.

Leo tulikuwa na wawili waliovuta pumzi kwa pamoja muda wote, pwaa moja, si mbili. Siwezi kuapa kuwa ni madume, maana kumjua dume wa pomboo inabidi uone tumbo, na hawa hawakutuonyesha matumbo. Nimeandika: "jinsia haijulikani." Nahodha alisoma juu ya bega langu akasema mimi ni mtu wa kujibana sana.

Tulishusha haidrofoni, kile chombo cha kusikilizia chini ya maji, dakika kumi. Mbinja tupu, zinapanda na kushuka, zinakatiza. Kila pomboo hujitengenezea mbinja yake akiwa mdogo, na ndiyo kama jina. Mwaka 2013 Stephanie King na Vincent Janik walitoa utafiti wa Uskoti: ukimpigia pomboo nakala ya mbinja yake mwenyewe anaitika, ukimpigia ya mgeni hajishughulishi. Nikampa nahodha spika za masikioni.

"Wanaitana," akasema, kabla sijamweleza.

Jumatatu, nchi kavu

Kusi limekumbuka kazi yake. Hatukutoka. Tumekaa nyumbani Chumbageni kupanga picha, na hapo ndipo aibu ilipojitokeza.

Mimi daftarini naandika saa za Kiswahili. Ndivyo ninavyofikiri, siwezi kujibadili nikiwa juu ya mawimbi. Mwenzangu kwenye fomu ameandika saa za kamera, kama chuo kinavyotaka, isipokuwa alipokuwa anatapika, ambapo ameandika zake za Kigoma, yaani Kiswahili pia. Kwa hiyo kuna mstari wa Jumamosi unaosema "2:10, watano, wanakula, mtoto mmoja." Saa mbili na dakika kumi asubuhi, au saa nane mchana? Zote mbili tulikuwa baharini. Zote mbili tulikuwa na pomboo. Na mmoja wao ni Pengo, ambaye sasa amekula asubuhi na watu wasiojulikana au mchana na watu wengine wasiojulikana.

"Kamera itasema," mwenzangu akanituliza.

Kamera ilisema lake. Aliyeitumia kabla yetu aliiweka saa anavyojua yeye. Tungejuaje imekosea kiasi gani? Tulikaa kimya pale sebuleni, feni inazunguka, machungwa yanaisha. Sikumlaumu. Nilimlaumu kimoyomoyo tu, nikamenya jingine.

Aliyetuokoa ni baharia bila kujua. Jumamosi, tulipokuwa tunakunywa chai, alichukua kamera akajipiga picha kaishika GPS kifuani kama nishani. Uso umekatwa nusu, lakini kioo cha GPS kinasomeka: 07:52. Kamera yenyewe iliiandika picha hiyo 08:09. Dakika kumi na saba mbele. Picha ya Pengo akila ina 08:27, toa kumi na saba, 08:10. Asubuhi. Nikamkumbatia mwenzangu, naye akakumbatika kwa tahadhari.

Kuanzia leo kila tukiona kundi, picha ya kwanza ni ya GPS. Ni ushauri ulio kwenye kila mwongozo wa kazi hii, na wote wawili tuliusoma.

Jumanne, Kigombe

Bahari imetulia tena. Tumekwenda mbali leo, tumepita kisiwa cha Karange, hadi nje ya Kigombe, pale sakafu ya bahari inapokatika ghafla kama ukuta. Kwenye ukuta huo ndiko wanakoishi silikanti, samaki ambao dunia iliamini walishatoweka zama za madinosaria hadi 1938 alipopatikana mmoja Afrika Kusini. Hapa walianza kunasa kwenye majarife ya papa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2009 eneo likatangazwa hifadhi ya bahari. Nahodha anasema wa kwanza kumwona alidhani ni chewa mgonjwa.

Lakini sisi tulifuata nyangumi. Wale wa nundu hupanda kutoka bahari baridi za kusini, karibu na Antaktika, kati ya Juni na Oktoba hivi, kuja kuzaa na kupandana kwenye maji yetu ya joto. Huku hawali, au hawali cha maana. Jike ananyonyesha mtoto aliyezaliwa na urefu wa kama mita nne huku yeye mwenyewe akiishi kwa mafuta aliyojiwekea.

Saa tatu na robo tuliona pumzi, ukungu mnene uliosimama kisha ukainama. Mama na mtoto, na nyuma yao wa tatu. Huyo wa tatu kwa kawaida ni dume anayewasindikiza, na si kwa hisani. Anangojea nafasi yake. Tulibaki mbali, mashine imezimwa. Mama alipozama kwa kina akainua mkia wote, maji yakadondoka ukingoni kama mapazia ya shanga, na upande wa chini nikaona doa jeupe lenye umbo la jani la mhogo. Kwa nyangumi wa nundu kitambulisho ni hapo, chini ya mkia. Picha tatu, moja nzuri.

Kisha tukashusha haidrofoni, na hapo nikakaa saa nzima bila kuandika kitu.

Kulikuwa na dume anaimba. Si yule wa pale, mwingine, mahali tusipopaona. Mngurumo wa chini, kama fanicha inaburutwa chumba cha jirani, halafu mlio unaopanda, zumari kabisa, halafu kitu kama mlango wa mbao mbichi, halafu anarudia. Roger Payne na Scott McVay walionyesha mwaka 1971 kwamba huu ni wimbo kweli, una vipande, vipande vinafanya beti, beti zina mpangilio, na ukiisha unaanza upya. Wanaoimba ni madume. Na madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, wote, na wimbo huo unabadilika kidogo kidogo msimu hadi msimu, na wote wanabadilika nao. Kwenye Pasifiki ya Kusini, utafiti wa 2011 ulifuatilia nyimbo zilizozaliwa upande wa Australia zikisafiri mashariki, kundi kwa kundi, hadi visiwa vya mbali, na kila zilipofika za zamani ziliachwa.

Nilimweleza nahodha. Alikuwa na spika masikioni na macho kafumba.

"Kama taarabu," akasema. "Sisi tulikuwa na Black Star na Lucky Star hapa. Tukiimba Tanga, Mombasa wanaitikia."

"Na wa kwanza kubadilisha ni nani?" mwenzangu akauliza.

"Mwenye sauti mbaya," nahodha akajibu. "Mwenye sauti nzuri habadilishi kitu."

Hilo sijalisoma popote na sijui utafiti wa kulipima ungeanzia wapi, lakini nimeliwekea alama ya nyota.

Tumelala Kigombe. Usiku, wali na pweza wa nazi, nahodha akatoa habari ambayo nadhani alikuwa anaipima tangu Ijumaa kama atupe au asitupe. Zamani, akivua kati ya Karange na Yambe, alimwona pomboo anasukuma mtoto wake aliyekufa. Anamwinua kwa mdomo, anazama, anamfuata chini, anamwinua tena. Kesho yake akamkuta bado. Mtoto alishaanza kubabuka ngozi. Wenzake wawili walikuwa pembeni, hawamsaidii, hawaondoki. "Ule jarife ulikuwa wangu," akasema. "Sijui kama ni wangu ndio uliomuua, lakini ulikuwa pale."

Nikamwambia habari ya nyangumi muuaji wa upande wa Marekani na Kanada, anayejulikana kwa namba J35, ambaye mwaka 2018 alimbeba mtoto wake mfu siku 17.

"Nani kazihesabu?"

"Watu waliokuwa wanamfuatilia."

"Siku kumi na saba wako naye?"

"Walikuwa wanamwona, wanaandika."

Alinyamaza. "Basi vizuri," akasema. "Angalau palikuwa na watu."

Kwenye fani yetu tumefundishwa tusiandike "huzuni" kwenye fomu. Unaandika tendo: anainua, anasukuma, muda gani. Naona ni sawa, kwa sababu wa kwanza kuona huzuni kila mahali ni sisi. Lakini usiku ule sikutetea fomu.

Jumatano, kurudi

Maji yamepungua nguvu, bamvua linakwisha. Njiani hakuna kitu hadi Tongoni, ambako tulipopita mbele ya magofu mwenzangu alilala na kuyakosa yote. Karibu na Ulenge, saa nane mchana (nimeandika 14:05, na GPS imepigwa picha), Pengo. Safari hii wako wawili tu. Yule mwingine ana kovu jeupe nyuma ya kichwa na sikumwona Jumamosi. Walikaa nasi dakika ishirini, wanapumua kwa zamu, kisha wakaingia kwenye maji machafu ya mkondo na hatukuwaona tena.

Kwa hesabu, Pengo na Kovu wameonekana pamoja mara moja. Haitoshi kusema lolote.

Alhamisi, Kange

Nipo kituoni, basi linapakia magunia, mwenzangu kanunua machungwa safari hii yeye. Simu ikaita.

"Bibie. Nimemwona mtu wako."

"Pengo? Yuko na nani?"

"Na yule mwenye kovu. Na mwingine simjui."

Nikavuta daftari kwa meno kutoka mkobani. "Saa ngapi, nahodha?"

"Saa tatu."

Nikaandika 09:00, nikachora mduara. "Huyo wa tatu, alikuwa umbali gani nao?"

Kimya kidogo. Upepo kwenye simu, mashine inanguruma chini chini.

"Mita kumi na mbili," akasema, na nyuma yake nikamsikia mjukuu anacheka.